Nilivyojifunza Kupekecha Moto Kakuma

Katikati ya miaka ya sabini kibiriti kilikwisha Kakuma. Sisemi kilikwisha katika zahanati yetu tu. Kilikwisha mji mzima. Mto Turkwel ulikuwa umefurika kule Kainuk, malori ya kutoka Kitale yakakwama ng'ambo majuma kadhaa, na wenye maduka wakaanza kutikisa kichwa kabla hujafungua mdomo. Sukari ilitangulia. Ikafuata sabuni. Kisha asubuhi moja mwenye duka, mtu wa kwetu Magharibi, akanionyesha kiganja kitupu na kuniambia, "Sista, hata mimi leo nimeomba kaa la moto kwa jirani."

Nilikuwa muuguzi wa miaka ishirini na minne. Nimezaliwa Maragoli, penye mvua na migomba, na nilipomaliza chuo serikali ilinipeleka Turkana. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi hospitalini Lodwar. Wa pili nikahamishiwa Kakuma, kwenye zahanati ya vyumba vitatu na vitanda sita, tukiwa watumishi wawili tu: mimi na mhudumu mmoja wa kike. Mhudumu huyo alikuwa mwenyeji, rika langu, amesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufagia na kufua. Kazi yake ya kweli ilikuwa kuwa mdomo wangu na masikio yangu, maana Kiturkana changu wakati huo kilianzia kwenye salamu ya "ejok" na kuishia papo hapo.

Siku hizo bomba za sindano zilikuwa za kioo. Tulizichemsha kila asubuhi katika sufuria, juu ya jiko la mafuta ya taa la kupampu, na bila moto hapakuwa na sindano. Basi kibiriti kilipokwisha nikawa naamka, navaa gauni langu jeupe na kofia yangu, nachukua kopo la maziwa lililokwisha, na kwenda kuomba makaa katika maboma ya nyuma ya zahanati. Akina mama walinipa bila swali. Nilirudi nikipuliza kopo, jivu likinirukia kifuani, kofia imekaa upande.

Mgonjwa mmoja alikuwa akinitazama kila asubuhi nikipita.

Alikuwa mfugaji wa miaka arobaini hivi, mrefu kiasi kwamba miguu yake ilitokeza nje ya kitanda. Ngamia wake mwenyewe alikuwa amemuuma mkono wa kulia juu ya kiwiko na kuuvunja. Walimfunga plasta Lodwar kutoka bega hadi vidole, wakaiacha wazi kidogo mahali penye kidonda, kisha wakamrudisha kwangu Kakuma ili nimsafishe kila siku mpaka mfupa ushike. Nywele zake zilikuwa zimetengenezwa kwa udongo wa rangi, kazi ya siku nzima, na kwa ajili hiyo alikataa mto wa hospitali. Alilaza shingo juu ya kigoda chake kidogo cha mbao na kutuangalia sote kutoka hapo, kama mtu aliyekuja kukagua. Uji wetu hakuupenda, wala kitanda chetu, wala ukuta. Kitu alichokipenda kilikuwa kiko chake, na makaa yangu ya kuchemshia sindano sikumruhusu kukiwashia.

Asubuhi ya tano au ya sita ya kopo langu, alisema jambo refu kwa Kiturkana. Mhudumu akauma mdomo ili asicheke.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza, huko kwenu watu mkubwa pia inabeba moto kwa kopo kama mtoto?"

"Mwambie kwetu moto uko kwenye kibiriti."

Akamwambia. Yule bwana akajibu kwa maneno mawili matatu.

"Anasema, basi moto yenu inakaa dukani."

Niliendelea na kazi yangu, lakini neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na kufaulu mitihani yote. Niliweza kushona jeraha, kugeuza mtoto aliyelala vibaya tumboni, kupima dawa kwa macho na nisikosee. Na huyu hapa, asiyejua a wala be, alikuwa ameniona kama mtoto aliyetumwa kwa jirani. Ubaya wenyewe ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Mchana huo, wagonjwa wa nje walipokwisha, nilikwenda kusafisha kidonda chake. Nikamuuliza, kupitia kwa mhudumu, yeye moto wake unakaa wapi. Ilionekana alikuwa amelisubiri swali hilo. Kwa mkono wake wa kushoto akapapasa chini ya kitanda, akatoa mfuko wa ngozi, na ndani yake mlikuwa na vijiti viwili.

Nilikuwa nimeviona vijiti kama hivyo mikononi mwa wachungaji, nikidhani ni vya kuchokonolea kitu. Kimoja kilikuwa chembamba na kimenyooka, kirefu kama mkono wangu mpaka kiwiko na zaidi. Walikiita dume. Cha pili kilikuwa kifupi, kinene kidogo, kimechongwa bapa, na pembeni mwake mlikuwa na vishimo vyeusi vilivyoungua. Hicho kilikuwa jike. Unasimamisha dume katika kishimo cha jike, unalizungusha kati ya viganja vyako ukilikandamiza chini, na moto unatoka. Ndivyo mhudumu alivyonieleza, kwa sentensi moja, kama mtu anayekueleza namna ya kufungua mlango.

"Anasema yeye hana mkono," akaendelea. "Kama wewe nataka, itakuwa mkono yake. Moto ya kwanza ni ya kiko."

"Kwa nini usiwe wewe mkono wake?" nikamuuliza.

Mhudumu akacheka. "Mimi? Sista, moto ya kuzungusha ni ya wanaume. Mwanamke inatunza moto, haiwashi hivyo."

"Na mimi je?"

Akamuuliza mgonjwa. Huyo akanitazama kofia, akatazama viatu vyangu vyeupe, akajibu bila kucheka.

"Anasema wewe si mwanamke. Wewe ni serikali."

Tulianza siku hiyo hiyo, uani, kwenye kivuli cha ukuta. Mgonjwa aliketi kwenye kigoda chake na kukanyaga jike kwa kidole gumba cha mguu ili lisitikisike. Mimi nilipiga magoti mchangani mbele yake na gauni langu limekunjwa. Nilizungusha. Dume likaruka kutoka kwenye kishimo na kunipiga kidevu. Nikalirudisha. Likaruka tena. Mara ya tatu lilikaa, nikazungusha mpaka mikono ikashuka chini kabisa, nikasimama kupumua. Mgonjwa akasema neno lake la Kiswahili, mojawapo kati ya maneno manne aliyoyapata zamani akivunja mawe ya barabara.

"Bado."

Siku ya kwanza sikuona hata moshi. Ya pili niliuona moshi, mwembamba, na nikapiga kelele ya furaha. Nilipoacha kuzungusha ili niutazame, ukatoweka. "Bado," akasema. Siku ya tatu viganja vyangu vilitoa malengelenge, ya nne yakapasuka. Nilijifunga bandeji mwenyewe na kuchoma wagonjwa sindano huku nikikaza meno kuliko wao. Mhudumu alinihurumia. "Wewe sista, mkono yako itaharibika. Kesho pengine lori itafika." Nami nilikuwa nimeanza kuomba moyoni lori lisifike kwanza.

Kufundishwa na mtu asiyeweza kukushika mkono wala kusema lugha yako ni kazi. Alinieleza kwa macho, kwa kidevu, kwa kupiga ulimi. Viganja vyangu vilipotangulia kwa kasi kabla mwili haujapata mwendo, aliguna. Nilipokaza mabega aliyagusa kwa fimbo yake. Nilianza kuelewa kwamba haraka inayohitajika ni moja tu: pale mikono inapofika chini na inabidi irudi juu. Hapo usiposhika upesi, joto linakimbia, na kazi yote ya mwanzo inapotea. Aidha nilijifunza kutia chembe chache za mchanga kishimoni ili mti uumane na mti, na kukata pengo dogo pembeni mwa kishimo ili unga mweusi udondokee mahali pamoja. Unga huo ndio unaoshika moto. Mimi muda wote nilikuwa nadhani ni kijiti kitakachowaka.

Siku ya tisa, mnamo saa kumi, unga ulijaa penye pengo na moshi ukawa mzito, wa rangi ya maziwa yaliyochafuka. Niliacha kuzungusha. Moshi haukuacha. Uliendelea wenyewe, kutoka kwenye kile kirundo kidogo kisichozidi ukucha. Nikainama kupuliza, na mgonjwa akanifokea kwa sauti iliyowatoa watu nje ya wodi.

"Hapana! Ngoja! Bado!"

Nikangoja. Kirundo kile kikabadilika taratibu, katikati yake pakatokea wekundu mdogo kama jicho la njiwa. Ndipo alipoitikia kwa kichwa. Nikakimimina kwenye kinyesi cha punda kikavu tulichokwisha kukifikicha, nikakikusanya viganjani, nikapuliza polepole, polepole, mpaka kikashika, na moto ukaniruka mbele ya uso na kuniunguza nyusi.

Mwanamke mmoja aliyeleta mtoto mwenye kikohozi alicheka mpaka akaketi chini. Mgonjwa yeye hakucheka wala kunisifu. Alinyoosha kiko chake, nikakiwasha, akavuta mara tatu na kufumba macho. Mimi niliingia ndani kwa hatua za kawaida, nikafunga mlango wa stoo, na humo nikaruka juu na chini peke yangu kama msichana wa shule. Sijui kama nimewahi kufurahia cheti chochote namna ile.

Malori yalifika wiki iliyofuata, yakaleta kibiriti makatoni kwa makatoni. Sikuacha. Kila mchana nilipekecha moto wa kiko, na kabla ya plasta kukatwa nilikuwa nauwasha kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mhudumu naye, ambaye alikuwa akikaa kando na kusuka kikapu, alianza kushika jike kwa mguu wake mgonjwa anapochoka, na siku moja nilimkuta uani peke yake akizungusha. Aliponiona alikiangusha kijiti akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mgonjwa alipopata ruhusa ya kwenda kwao kwa siku chache alirudi na jozi nyingine ya vijiti, vipya, amevichonga kwa mkono wa kushoto, na akanitupia mapajani. Nikavifunga kwa pamba na kuviweka katika sanduku langu la bati la safari, maana sanduku hilo lilikuwa na mpira mdomoni na vumbi halikuweza kuingia.

Miezi kadhaa baadaye tulitoka kwa safari ya chanjo, mimi, mhudumu, na dereva aliyekuja na Landrova kutoka Lodwar. Dereva alikuwa mtu wa Machakos, mcheshi, mvutaji wa sigara. Tulielekea upande wa Lokitaung, na siku ya pili mbingu zilifunguka. Mvua ya Turkana haina mazoea na mtu: miezi inapita huioni, kisha inakuja yote mchana mmoja. Dereva alijaribu kuvuka laga moja, mto wa msimu, iliyokuwa na maji ya kifundo cha mguu. Tulipofika katikati maji yalikuwa kwenye milango, na injini ikazima.

Tulitoka kupitia madirishani. Mimi nilishika sanduku langu la bati kichwani, mhudumu akashika kapu la chanjo, dereva akatushika sote wawili kwa zamu. Sanduku la pili, lenye chupa za spiriti na jiko la mafuta, lilibaki ndani ya gari, na maji yakapanda mpaka kwenye viti. Tulifika ukingoni tumelowa mpaka kwenye mifupa. Dereva akaingiza mkono katika mfuko wa shati lake, akatoa kibiriti, akakitazama. Kilikuwa kimekuwa uji.

Mhudumu alijua kuna boma karibu, mwendo wa saa moja. Dereva akabaki kulinda gari, sisi tukaenda. Mvua ilikuwa imekatika lakini upepo ulivuma, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Turkana nilitetemeka kwa baridi.

Bomani tulikuta wanawake na watoto tu. Wanaume walikuwa wamekwenda na ng'ombe milimani. Maji yalikuwa yamepita katikati ya vibanda, na kila jiko lilikuwa dimbwi la matope meusi. Mama mtu mzima alitoka kutupokea, akasalimiana na mhudumu haraka haraka, akamshika mkono na kumvuta.

"Mke ya kijana yake anazaa," mhudumu akaniambia. "Tangu jana. Moto yote imekufa. Wametuma msichana aende kuomba moto kwa boma ingine, lakini laga imejaa, amerudi."

Niliingia kibandani kwa kutambaa. Msichana aliyelala humo hakuzidi miaka kumi na minane, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Ngozi alizolalia zilikuwa zimelowa na meno yake yaligongana. Nilimpima. Mtoto alikuwa amekaa vizuri, njia ilikuwa imefunguka karibu yote. Zilibaki saa mbili, pengine chini ya hapo. Lakini tumbo lilikuwa dogo. Mtoto huyo alikuwa anakuja kabla ya siku zake, na mtoto wa namna hiyo adui yake wa kwanza ni baridi. Mfukoni mwa gauni nilikuwa na mkasi na uzi wa kufungia kitovu, vyote vimeguswa na maji ya laga. Nilihitaji maji ya kuchemka. Zaidi ya hapo nilihitaji kibanda chenye joto.

Nikatoka nje, nikafungua sanduku la bati. Lilikuwa limeshika ahadi yake. Pamba ilikuwa kavu. Nilipoifungua na vile vijiti vikaonekana, yule mama mtu mzima akamuuliza mhudumu jambo.

"Anauliza bwana yako yuko wapi, hii vijiti ni ya nani."

"Mwambie ni vyangu."

Tulitafuta kitu kikavu. Tulipata chini ya ngozi mbili za juu kabisa, ndani ya kikapu cha kubebeshwa punda, makuti ya mkoma na vikuni vichache. Niliketi chini ya ngozi iliyotandazwa, wanawake wakasimama upande wa upepo kama ukuta. Mhudumu akakanyaga jike. Nikaanza.

Mara ya kwanza nilishindwa. Moshi ulitoka, wa kahawia, nikajipa moyo mapema; pale mikono ilipofika chini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na sikushika upesi. Niliposhika, joto lilikwisha kwenda. Ndani ya kibanda msichana akalia kwa uchungu mkubwa, na nikahisi macho ya wale wanawake wote mgongoni mwangu. Nilijiuliza nimejitia katika nini, mbele ya watu ambao baba zao walizaliwa wakijua kazi hii. Nikafikicha viganja kwapani vikapata joto. Nikatoa kishimo kipya kwa ncha ya kisu, nikatia mchanga kidogo niliouchimba chini, palipokuwa pakavu.

"Mimi nitashika mikono yako ikifika chini," mhudumu akasema ghafla. "Wewe ikishuka, mimi naanza juu. Isisimame."

Akamwambia mama mtu mzima akanyage jike. Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mikono yangu iliposhuka, yake ilikwisha kukamata juu. Yake iliposhuka, yangu ilikuwa inangoja. Kijiti hakikupumzika hata mara moja. Moshi wa kahawia ukawa wa kijivu, wa kijivu ukawa wa maziwa. Unga ukajaa, ukamwagika. Malengelenge yangu ya zamani yalikuwa yameacha ngozi ngumu, lakini ya mhudumu yalikuwa yakipasuka, nikaona damu yake kwenye kijiti.

"Basi," nikasema. Tukaacha wote.

Moshi haukuacha.

Hakuna aliyepuliza. Nilimzuia mama mmoja aliyeinama. Tulingoja, wanawake kumi na kitu, tukitazama kitu kidogo kama punje ya mtama. Kilipokuwa chekundu nilikipokea kwenye pamba ya hospitali na makuti yaliyofikichwa, nikapuliza kama ninavyopuliza jicho la mtoto lililoingia mchanga. Pamba ikashika mara moja. Moto ukasimama. Mama mtu mzima akaupokea kwa mikono miwili na kuuingiza kibandani, kwa mwendo wa mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa, na katika muda mfupi kila kibanda kilikuwa na moto wake, wote umetoka kwenye ule mmoja.

Mkasi na uzi vilichemka. Ngozi zikageuzwa na kukaushwa. Jua lilikuwa halijazama mtoto alipotoka, msichana, mwepesi sana mkononi, rangi ya majivu. Hakulia. Nilimfuta pua na mdomo, nikamsugua mgongo kwa kitambaa kilichopashwa joto motoni, nikamsugua tena. Nakumbuka nikisema kwa Kimaragoli, lugha ambayo hakuna aliyeielewa pale, "Lia, mama, lia." Akatoa sauti kama ya mlango, kisha kilio cha kweli. Tukamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, moto upande mmoja na mimi upande wa pili.

Nilipotoka nje yule bibi yake mtoto alinishika mikono. Alivifungua viganja, akavitazama, akavitemea mate kwa upole, kimoja baada ya kingine. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mhudumu. Mhudumu alikuwa amesimama wima na machozi yanamtoka. Hakuhitaji kunieleza kwamba hiyo ilikuwa baraka.

Gari lilivutwa siku ya pili yake na wanaume waliorudi kutoka milimani, na siku ya nne tukaondoka. Mtoto alikuwa ananyonya. Nilipita boma hilo tena mwaka uliofuata nikamkuta anasimama kwa kushika nguzo, mnene, mkorofi, analikimbia gauni langu jeupe.

Habari ilitutangulia kufika Kakuma. Yule mfugaji wa ngamia, ambaye mkono wake sasa ulikuwa mzima ingawa haukunyooka sawasawa, alikuja zahanati siku ile ile tuliyorudi, kutoka kwao, mwendo wa nusu siku, na kuketi mlangoni. Hakuuliza habari za mtoto; nadhani alikwisha kuzisikia. Aliuliza moto ulitoka mara ya ngapi.

"Ya pili," nikasema, kwa Kiturkana, maana kufikia hapo nilikuwa nimepiga hatua.

Akafikiri. "Bado," akasema, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake yote. Kisha akamgeukia mhudumu, akamwambia jambo la haraka ambalo sikulidaka, na mhudumu akainamisha kichwa, anatabasamu. Nilimsumbua siku mbili ndipo akaniambia. Alikuwa amemwambia kwamba na yeye sasa ni serikali.

Miaka miwili baadaye nilirudishwa Lodwar. Metroni, mkuu wa wauguzi niliyemkuta huko, alikuwa mama wa makamo kutoka Nyeri, mkali wa kukunja shuka, mwenye kusoma kila karatasi aliyoletewa. Siku ya kwanza aliniita ofisini. Ripoti zangu za Kakuma zilikuwa mbele yake mezani, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika kwamba vyombo vilichemshwa kwa moto uliopatikana kwa mkono," akasema. "Ulikuwa na maana gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, bila kubadilisha uso. Nilipomaliza akavua miwani.

"Hivyo vijiti unavyo?"

"Ninavyo, metroni."

Tulikwenda nyuma ya chumba cha kufulia, mimi na yeye, saa ya chai. Nilipiga magoti kwenye mchanga wa Lodwar, nikasimamisha dume, naye, bila mimi kumwomba, akavua kiatu na kukanyaga jike kwa kidole cha mguu. Kaa lilitoka mara ya kwanza. Niliusimamisha moto katika makuti makavu, nikarudi nyuma nikangoja aseme neno.

Alitazama moto ule mpaka ukapungua. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akaketi chini, na kuniambia, "Sogea kidogo, mwanangu. Nionyeshe mikono inaanzia wapi."